Safu Mbili za Daftari

Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa katibu wa jumuiya yetu ya Kikatoliki hapa Uchindile. Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri tunafika bustanini na majembe, tunafanya kazi mpaka ukungu uinuke, kisha tunakaa kwenye nyasi, tunasoma Injili ya kesho yake na kusali. Daftari langu lina safu mbili: Sala na Kazi.

Daftari hili lina uzito. Anayetaka mtoto wake abatizwe, au anayetaka kufunga ndoa, huulizwa kwanza jumuiya inasemaje juu yake. Niliwahi kuona familia ikihangaika kutafuta barua ya jumuiya kwa ajili ya mazishi huku marehemu yumo ndani. Tangu siku hiyo kila ninapoweka alama ya kukosa, mkono unasita.

Bustani iko mteremkoni, chini ya reli ya TAZARA. Huku si Ifakara, ambako bonde ni tambarare na mpunga unasimama majini. Huku ni baridi, na usipokata matuta kukinga mteremko, mvua inaondoka na udongo wote. Tuna kabichi, vitunguu, figili na kitalu cha nyanya. Mboga tunawapelekea wagonjwa na wazee, zinazobaki tunauza. Maji tunachangia mfereji mmoja na jirani yetu Mlutheri. Kila Jumamosi anakuja, anazibua mfereji mpaka juu kabisa, na tukianza Ishara ya Msalaba anatuaga: "Mbarikiwe, ndugu zangu." Nimwandike wapi?

Wazee wetu wanajua kazi ya kuhesabiwa. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu walipolazimishwa kuhamia vijijini, marehemu baba alikuwa anawahi shamba la kijiji ili jina lake lisikike likiitwa, halafu nguvu zake anazitunzia shamba lake mwenyewe. Kule Litowa, Ruvuma, watu wachache walikuwa wamekwisha kuanza kuishi na kulima pamoja kwa hiari yao miaka ya mwanzo ya 1960, na vijiji vingine vikawafuata, mpaka chama chao kilipovunjwa 1969. Ningependa kusema basi hiari ndiyo kila kitu. Lakini nitakuwa nasema uongo. Mimi mwenyewe nilianza kuja kwa kuogopa daftari. Juni, baridi inauma, nilikuja kwa ajili ya alama tu. Mkono ulitangulia. Moyo ulifika Oktoba, mwezi wa Rozari, nikiwa nabeba ndoo kuwahi miche isikauke: niligundua kwamba nasali, na sikumbuki nilianza lini.

Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyoandika karne ya 6, anamtaka mtunza mali wa monasteri aviangalie vifaa vyote kama vyombo vitakatifu vya altare. Watawa wa shirika lake wako Peramiho tangu 1898, na jembe wanalijua. Nikilifikiria hilo naona kwamba mstari niliouchora katikati ya karatasi ni wangu mimi, Mungu hakuuchora.

Aliyenishtua ni bibi mmoja ambaye miguu imemchosha; huwa anakaa kwenye gunia anachambua mbegu za maharage. Jumamosi moja, katikati ya maombi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu, unaandika nini watu wakisali?"

Niliona aibu kweli kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa najaza safu ya Sala kwa kuacha kusali.

Daftari jipya nimelichorea safu moja, haina kichwa. Mwenyekiti ameniuliza inaitwaje, na bado tunazungumza. Jina la jirani liko humo, chini ya yetu. Injili ikianza kalamu inakaa mfukoni. Naandika baadaye, kabla sijanawa, na karatasi zinachafuka udongo.