Mtende Hauzai kwa Kago



Nyumba nyingi za miji yetu ya pwani hazikosi uani kipande cha ardhi kilichokaa bure, kando ya kisima au nyuma ya jiko. Mwembe hautoshei hapo, na mnazi ukikosa mvua huangusha vidaka vyake. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika sehemu nyingi za Kenya, tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022, na majimbo ya pwani hayakusalimika. Basi leo twataka kuusemea mtende, mti unaostahimili jua, kiu, na hata yale maji ya chumvi ya visima vyetu, kuliko miti mingi ya matunda.

Lakini mtu asidanganyike. Mtende huvumilia kiu ukiisha kushika mizizi. Mche mchanga hauna uvumilivu huo, na wiki zake za mwanzo wataka maji kila siku. Usipande kokwa. Katika kila kokwa mbili huenda moja ikatoka mtende dume, wala hutajua mpaka utoe maua baada ya miaka. Chukua chipukizi lililoota shinani mwa mtende jike ulio mzuri, kwani hilo hufanana na mama yake. Uchungeni moyo wa mche usizikwe mchangani, kwani ukioza moyo, mche umekufa. Na kwa kuwa mvua ikiikuta tende inaiva huiharibu, hewa ya pwani yafaa zaidi zile aina ziliwazo zingali ngumu na za manjano, kama Barhi iliyotoka Basra.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu.

Katika mtaa wetu upo mtende uliokuwa ukitoa maua kila mwaka, na matunda yake yakiwa vijitunda visivyo na kokwa. Mwenyewe akasema ni hasadi ya majirani. Akaenda kwa mganga, akatoa fedha ambazo zingeliwanunulia wanawe madaftari, akarudi na kago, akalifunga shinani. Majirani wawili wakaacha kusemezana naye, maana walijua ni wao wanaoshukiwa. Na sababu ilikuwa wazi: hapakuwa na mtende dume karibu!

Enyi ndugu, imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alipofika Madina aliwaona watu wakipandishia mitende yao, akawaambia ya kuwa haoni kwamba jambo lile lina faida. Wakaliacha, na mavuno yakapungua. Walipomwambia, je, alisema kuna jicho? Aliwaandikia kombe? Hasha. Aliwaambia kwamba katika mambo ya dunia yao wao ni wajuzi zaidi, akawarudisha kwenye ujuzi wa kazi yao. Ikiwa huyo ndiye aliyekuwa akiteremshiwa wahyi, mganga wa mtaani ametoa wapi ujuzi wa kutuuzia?

Kupandishia kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Karara la mtende dume likipasuka, hukatwa vijiti vyake vyenye unga, vikatiwa baina ya maua ya mtende jike katika siku za mwanzo za kufunguka kwake. Dume mmoja hutosha majike wapatao 50, hivyo mtaa mzima wahitaji mmoja tu. Salman al-Farsi (r.a.) alipotakiwa na bwana wake apande mitende 300 ili awe huru, Masahaba walimletea miche, huyu 30, huyu 20, huyu 15, huyu 10, naye akachimba mashimo, na Mtume (s.a.w.) akaitia miche kwa mkono wake. Sisi twashindwa kupeana kijiti cha maua?

Mzee mmoja alitwambia barazani kuwa umri wake hautamfikisha kuzila tende hizo. Twamjibu kwamba Mtume (s.a.w.) ameamrisha hata aliye na mche mkononi na Kiyama kinasimama, akiweza kuupanda, na aupande. Na kila kinacholiwa katika mti ule ni sadaka yake, awe amekila mtu au ndege, hata kile kilichoibiwa.

Tulimwendea mwenye ule mtende baada ya Alasiri, tukamletea maua dume kutoka mtaa wa pili, na kijana mmoja akapanda kuyatia. Sasa una vichala vinne. Ila kago lingali shinani, na mwenyewe asema huenda vyote viwili vimesaidia. Hapo ndipo tulipohuzunika kuliko siku zile ulipokuwa hauzai. Twamwomba kwa jina la Mwenyezi Mungu alikate kabla tende hazijaiva, na wale majirani wawili awapelekee kichala cha kwanza.