Mlinzi Aketiye Mnarani

Masomo: Ezekieli 33:1-9, Kutoka 18:13-27



Ninyi mkaao Kariakoo na Gerezani na Ilala mwaijua sauti ya ndege ipitayo juu ya mapaa ya nyumba zetu, ikienda kutua kule Kipawa, katika kiwanja kiitwacho kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Siku za jua hatuijali. Wauzaji wa Mtaa wa Kongo hawainui hata macho. Walakini wakati wa masika, mawingu yakiwa yameshuka, na mvua ikipiga mabati hata mtu asisikie neno la jirani yake, twaisikia sauti ile wala ndege yenyewe hatuioni, na moyo hushtuka kidogo. Rubani naye hatuoni sisi. Ndipo tukumbukapo kwamba yuko mtu mwingine, jina lake hatulijui, aketiye kazini huko kiwanjani, naye ndiye amwambiaye rubani: shuka hata futi kadha wa kadha, ngoja, zunguka kwanza, mwenzako yu mbele yako.

Habari za mlinzi katika kitabu cha Ezekieli mmezisoma mara nyingi. Mlinzi aionaye hatari akanyamaza, yeye ndiye atakayeulizwa habari za waliopotea. Neno hilo ni zito, wala hatutaki kulipunguza. Lakini je, kama mlinzi hakunyamaza? Kama alisema, tena akasema sawasawa, na watu wasimsikie?

Mwezi wa Septemba mwaka 1974 ndege kubwa ya Waingereza, aina ya Boeing 747, ilikuwa ikishuka Nairobi asubuhi, na mawingu yamefunika. Mwongozaji akawapa marubani ruhusa ya kushuka hata futi 7,500. Wao wakasikia 5,000. Wakajibu kama walivyosikia, na jibu lile likapita bila kusahihishwa. Sasa fikirini, ndugu: kiwanja cha Embakasi chenyewe kimeinuka juu ya bahari zaidi ya futi 5,300. Maana yake, kwa masikio yao waliagizwa kushuka chini ya ardhi! Walipotoka mawinguni walikuwa wamebakiza yapata futi 70 tu kuigusa nchi. Wakaiinua ndege kwa haraka, wakapona wote. Hapakuwa na mtu mwovu pale. Mmoja alisema neno la kweli, mwingine akalisikia vibaya, na neno liliporudi kwa mwenyewe halikutambuliwa kuwa limegeuka.

Kwa sababu ya mambo kama hayo waongozaji na marubani wana desturi yao: agizo hurudishwa kwa maneno yale yale, na aliyeagiza husikiliza kama limerudi jinsi lilivyotoka. Huku kusikiliza ndiko kugumu, hasa mtu akiwa na ndege nyingine tano zimngojeazo. Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho habari za tarumbeta yenye sauti isiyojulikana. Twadhani angeielewa desturi hii upesi kuliko sisi tulivyoielewa.

Msiba mkubwa kupita yote ya ndege ulitukia siku ya Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife. Bomu lilikuwa limelipuka katika kiwanja cha kisiwa jirani, hivyo ndege nyingi ziligeuzwa, zikaja kujazana katika kiwanja kidogo cha Los Rodeos, chenye waongozaji wawili tu siku ile. Njia ya pembeni ikazibwa na ndege zilizosimama, basi zilizotaka kuondoka zilibidi zipite katika barabara ile ile ya kurukia. Kisha ukungu ukashuka. Waliokuwa mnarani hawakuziona ndege, wala hawakuwa na rada ya kuwaonyesha yaliyoko chini. Rubani wa ndege ya KLM akaanza kukimbia ili aruke, hali hajapewa ruhusa. Mwongozaji alimjibu kwanza kwa neno moja la "sawa", ndipo akamwambia angoje. Lakini kwa wakati ule ule ndege ya Pan Am ilikuwa ikisema katika redio kwamba ingali barabarani. Sauti mbili zikapatana hewani, na rubani akasikia mlio tu badala ya maneno. Walikufa watu 583. Baada ya siku ile neno la kuruka liliwekewa mipaka, lisitumiwe ovyo ila kwa ruhusa yenyewe, na kujibu "sawa" tu kukakatazwa.

Sisi tuandikao haya tuna "sawa" yetu. Ilikuwa Jumamosi ya masika. Asubuhi tulikuwa na mazishi katika makaburi ya Kinondoni, jioni harusi, na kati yake watoto wa kipaimara walikuwa wamekaa wakitungoja. Kijana mmoja akaja mbio, maji yakimtiririka, akasema bibi yake ni mgonjwa sana naye anaomba Chakula cha Bwana. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Kijana alisema Mtaa wa Mahiwa. Sisi tukasikia Mafia. Tukamjibu, "Haya, tumesikia," na mguu mmoja tayari u mlangoni. Baadaye tulizunguka Mtaa wa Mafia nyumba kwa nyumba, maji yakitufika kwenye vifundo vya miguu, tukiuliza jina ambalo hakuna aliyelijua. Tulipofika Mahiwa, bibi alikuwa amekwisha kulala. Yule kijana hakutulaumu. Alisema tu, "Baba Mchungaji, nilingoja urudie jina la mtaa. Hukurudia, nikadhani umelijua."

Twajua kwamba Bwana hakuchelewa kwa bibi yule. Walakini sisi tulichelewa, wala haifai tujifiche nyuma ya neema.

Sasa turudi kwa swali la lawama, maana hapo ndipo tunapotaka kukaa. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, hewa ikiwa safi wala hakuna mvua, ndege mbili ziligongana juu ya mji wa Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71, wengi wao wakiwa watoto wa shule kutoka Urusi. Aliyeziongoza alikuwa mtu mmoja katika kituo cha Zürich. Mwenzake alikuwa amekwenda kupumzika, kama ilivyozoewa pale usiku. Huyu mmoja alitazama vioo viwili, akishughulika na ndege nyingine iliyochelewa, na simu za kituo zilikuwa zikitengenezwa. Alipotambua hatari, muda ulikuwa umebaki kidogo mno. Mwaka 2004 baba mmoja, aliyefiwa na mkewe na watoto wawili, alimwendea mwongozaji yule nyumbani kwake akamwua. Miaka mitatu baadaye mahakama ya Uswisi ikawatia hatiani wakubwa wanne wa shirika lililomwajiri.

Nani basi alikuwa mlinzi? Yeye aliyeketi mbele ya vioo, au wao waliomwacha aketi peke yake? Yethro alipomwona mkwewe Musa amekaa kuamua watu tangu asubuhi hata jioni, hakumkemea kwa uvivu wala kwa uzembe. Alisema kazi yenyewe imepangwa vibaya, na kwamba Musa atachoka, na watu watachoka pamoja naye. Ezekieli na Yethro hawapingani. Mlinzi ataulizwa, na waliompanga zamu wataulizwa.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyotoka hapa kwetu Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria, karibu kabisa na kiwanja cha Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Walikuwamo watu 43, wakafa 19. Wavuvi walikuwa wa kwanza kuwafikia kwa mitumbwi yao. Katika Kariakoo wako wengi wenye asili ya Kagera, nasi tulilia nao. Hatusemi kwamba mwongozaji yeyote alikosa siku ile. Twasema tu kwamba kabla ya jua kuchwa, mitaani watu walikuwa wamekwisha kumtafuta mtu mmoja wa kumtwika yote. Serikali imeweka rada katika viwanja vinne, Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, nasi twashukuru. Lakini rada haina usingizi, aitazamaye anao.

Mambo haya tuliyaleta mbele ya wazee wa kanisa, pamoja na habari ya Mtaa wa Mahiwa, nayo haikuwa rahisi kuisema. Wakakata shauri kwamba siku za Jumamosi wainjilisti wawili wakae ofisini na daftari. Apokeaye ujumbe auandike, kisha amsomee mjumbe yale aliyoyaandika, mtaa na nyumba na jina, mpaka mjumbe aseme ndiyo. Mchungaji asipokee ujumbe akiwa amesimama. Tulipokuwa tukiandika majina ya zamu, mwinjilisti mmoja, mtu mnyenyekevu asiyependa kusema mkutanoni, akauliza, "Na siku ya mazishi mawili na mvua, sisi wawili tukichoka?"

Wazee wakatazamana. Tukaandika jina la tatu.