Chanjo na Kumtegemea Mwenyezi Mungu



Mwanafunzi wa sekondari pale Ndanda, akiulizwa katika somo la Biolojia namna chanjo ifanyavyo kazi, atajibu barabara: mwili huonyeshwa alama za adui kabla adui hajafika, nao hujiweka tayari. Lakini mwulize, "Je, wewe utachanjwa?" Mara huweka daftari kando, akasema aliyoyasikia sokoni.

Jambo hili si dogo. Aprili 2018 Tanzania ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 dhidi ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi. Mwaka 2024 walichanjwa wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja. Uvumi ukaenea kwamba sindano hiyo hufunga kizazi. Kurani Tukufu, katika Sura Al-Hujurat, inatuamuru tuchunguze habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Basi mwenye uvumi na aulizwe: nani aliona, na nani alihesabu? Kisha tupime: upande huu maumivu ya mkono ya siku chache, upande ule saratani inayowaua wanawake wa nchi hii kuliko saratani nyingine yoyote.

Wengine husema kuchanjwa ni kukosa kumtegemea Mungu. Hazrat Umar r.a., akiwa njiani kwenda Shamu, alisikia kuna tauni, akarudi. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alieleza kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika nyingine. Dawa nayo ni kadari Yake.

Huenda mtafuta haki akauliza: Je, Masihi Aliyeahidiwa a.s. hakuiacha chanjo ya tauni? Tujibu waziwazi. Katika kitabu Safina ya Nuhu, mwaka 1902, aliisifu serikali kwa chanjo ile, akaeleza kwamba lau si Ishara maalumu aliyoahidiwa na Mungu, yeye na wafuasi wake wangekuwa wa kwanza kuchanjwa. Ahadi ile ilihusu tauni ile. Asiyepewa ahadi, akikataa kinga, hamtegemei Mungu bali anamjaribu.

Basi, ewe mwanafunzi, elimu uliyopewa ni amana. Usiiandike katika karatasi ya mtihani tu, kisha ukaificha dada yako anapokuuliza afanye nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.