Namba ya Shangazi

Mwaka 1978 Richard Posner, mwanasheria wa Marekani aliyependa kuipima sheria kwa mizani ya uchumi, aliandika kwamba anayedai faragha mara nyingi hufanana na mchuuzi anayeficha kasoro ya bidhaa. Anataka aajiriwe, aaminiwe, akubaliwe posa, huku akifunika lile ambalo mwenzake angelijua angeghairi. Hoja hii inaniudhi kwa sababu si ya kijinga. Mzazi anayepeleleza ukoo wa mchumba naye hutafuta yaliyofunikwa, na hatumwiti mdukuzi.

Ila mfano wa Posner unahitaji mchuuzi mmoja na kapu moja. Katika The Lives of Others, filamu ya Kijerumani ya 2006, Kapteni Wiesler wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, amejichimbia darini na hedifoni masikioni, akisikiliza nyumba ya mwandishi wa tamthilia katika Berlin Mashariki ya 1984. Anayewindwa ni mmoja. Vinasa sauti, lakini, havichagui: vinamnasa mpenzi wake, vinamnasa rafiki aliyepigwa marufuku kuongoza michezo ya kuigiza, vinawanasa waliokuja kusherehekea siku ya kuzaliwa. Kapu lililofunuliwa lilikuwa la watu wengi.

Agosti 2023 serikali ya Kenya iliusimamisha mradi wa Worldcoin, uliokuwa ukipiga picha mboni za macho na kuwapa watu sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Wapo waliowacheka wale waliopanga foleni kupigwa picha hizo. Mimi siwacheki: fedha za leo dhidi ya madhara ya kesho yasiyo na sura, hesabu yao inaeleweka. Na jicho, angalau, lilikuwa la mwenyewe.

Kinachonisumbua zaidi ni programu za mikopo ya simu. Mkopaji anabofya kukubali, orodha yake ya majina inasomwa, na akichelewa kulipa wanapigiwa shangazi, bosi, hata fundi bomba. Mkopo wa mmoja, aibu ya ukoo. Sheria ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zinatambua ridhaa ya mwenye taarifa. Vyema, lakini namba ya shangazi iliyo katika simu yangu, mwenyewe nani?

Nadhani tumekosea kuihesabu kuwa mali. Ni amana. Shangazi alinipa nimpigie, hakunipa niiweke rehani. Kwa msingi huo mkopeshaji angelazimika kuwauliza jamaa zangu wote kabla ya kunipa elfu mbili, na bila shaka asingehangaika. Angeninyima tu, au angepandisha riba. Hapo Posner angetabasamu, na ana haki, maana gharama hiyo itamwangukia kwanza muuza mboga asiye na hati ya kiwanja wala taarifa za benki, ambaye simu yake ndiyo dhamana pekee aliyonayo.