Tapeli Aliingia kwa Mlango Gani?



Shule nyingi za hapa Dubai hufunga kwa muda mwezi Machi au Aprili, na likizo hiyo huangukia wakati mvua za masika zinaanza Zanzibar. Wageni hupungua kisiwani, hoteli hushusha bei, na nyingine hufunga kabisa mpaka Juni. Kwa familia kama zetu, zinazohesabu dirhamu moja moja, hapo ndipo safari inapowezekana. Ndiyo maana kila mwaka, baada ya ibada, wapo wanaotuuliza: tukienda, tutajilindaje na matapeli? Tunataka kulijibu swali hilo, lakini kwanza tuungame jambo.

Tulikuwa familia tatu, Wakenya na Wakongo, na tulifika Dar es Salaam ili tuvuke kwa boti. Kituo cha boti kiko ng'ambo ya barabara kutoka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Kabla hatujafika dirishani, kijana mmoja mwenye maneno matamu alitupokea mizigo. Alitueleza tuliyokwisha kuyasikia: nauli ya mgeni ni kubwa kuliko ile ya mwenyeji. "Ndugu zangu, ninyi mnazungumza Kiswahili, kwa nini mlipe kama Wazungu? Nipeni hela, nitawakatia za wenyeji kwa majina ya watu wangu. Mtaniachia kidogo cha chai."

Tulitazamana. Hakuna aliyesema hapana. Mmoja wetu aliwaambia watoto wasizungumze Kiingereza wakati wa kupanda boti. Tukatoa fedha, kijana akaingia katikati ya watu, na hatukumwona tena. Tulisimama kibarazani saa nzima, mvua inanyesha, kanisa linatutazama. Hatimaye tulikwenda dirishani tukalipa nauli ya mgeni. Siku hiyo tulilipa mara mbili.

Hatukwenda polisi. Kwa muda mrefu tulijiambia kwamba ni kwa sababu ya kuchelewa boti. Ukweli ni kwamba tungeulizwa, "Mlikuwa mnanunua nini?" na jibu lingekuwa kwamba tulikuwa tunanunua tiketi kwa majina yasiyo yetu, ili tulipe nauli isiyo yetu.

Basi swali letu la Jumapili hii ni hili: je, aliyetapeliwa ana hatia?

Tuanze na jibu lililo wazi. Hatia ya wizi ni ya mwizi. Yule kijana alitudanganya, na udhaifu wetu haumwoshi mikono. Tunalisema hili kwa sababu katika jumuiya zetu tuna tabia mbaya ya kumcheka aliyeibiwa. "Ulikuwa wapi? Hukuona?" Mama aliyelipia nyumba ya likizo aliyoiona kwenye picha, akafika na watoto akakuta hakuna nyumba, hakukosa lolote ila kuamini. Kumwamini mtu si dhambi. Tukimcheka, mwingine atakayeibiwa kesho atanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakomnenepesha tapeli.

Lakini mama huyo na sisi hatukuwa kitu kimoja. Yeye tapeli aliingia kwa mlango wa imani yake. Kwetu aliingia kwa mlango wa tamaa, na mlango huo tuliufungua wenyewe. Hakutulazimisha. Alitupa tu jina zuri la kitu tulichokuwa tunakitaka: akakiita undugu. Nasi tukajisikia wajanja, watu wa nyumbani wasioweza kudanganywa kama watalii. Wahenga walishasema, rahisi ni ghali.

Mambo haya hatuhitaji kuvuka bahari ili tuyaone. Joto la Dubai likipanda kupita nyuzi 40, watalii hupungua hapa pia, vyumba vikawa nafuu, na ndugu zetu kutoka nyumbani huja kututembelea. Tukiwapeleka Deira karibu na soko la dhahabu, kuna watu watakaowanong'oneza habari za saa na mikoba ya majina makubwa, iliyoko ghorofani, nyuma ya mlango. Anayepanda ngazi hizo anajua kwamba saa halisi haiuzwi hivyo. Akirudi nyumbani na kuiita halisi mbele ya mashemeji, ni nani sasa anayemtapeli nani?

Hapo hapo Deira kuna funzo la upande wa pili. Abra za kawaida zinazovusha watu kati ya Deira na Bur Dubai hutoza dirhamu 1. Fundi anayerudi kutoka kazini hutoa dirhamu yake, na mtalii aliyefika jana hutoa ile ile. Hakuna anayembembeleza mwenzake wala anayemshuku, kwa kuwa bei inajulikana na wote. Tunadhani hii ndiyo maana ya tahadhari kwa Mkristo. Si kumkazia macho kila mtu kama mwizi. Ni kuliweka jambo mwangani kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kwa hiyo, mnaosafiri masika haya, fanyeni hivi. Kateni tiketi ya boti dirishani au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa majina yenu na kwa nauli inayowahusu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima kwa wageni wanaotoka nje ya nchi, na bei iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44. Hakikisheni kabla ya safari kama inawahusu, na mkiilipa, ilipeni kwa Shirika la Bima la Zanzibar lenyewe, si kwa mtu wa njiani. Pigieni hoteli simu, mkaulize kama itakuwa wazi mwezi huo, kwa kuwa tangazo linaweza kubaki mtandaoni hata milango ikiwa imefungwa. Mkitaka kwenda Changuu kuwaona kobe, zungumzeni na nahodha mwenyewe, pale ilipo mashua yake. Mkubaliane bei, ni ya mtu mmoja au ya wote, na ni ya kwenda tu au na kurudi. Zilizobaki mlipe mkisharudi. Na mtu akiwaambia ni lazima sasa hivi, ama sivyo nafasi itapotea, iacheni ipotee. Haraka ndiyo kazi yake, haina haja ya kuwa yenu.

Tumebakiza jambo moja, nalo ni gumu zaidi. Tulipofika Mji Mkongwe tukiwa na uchungu wa Dar es Salaam, kila aliyetusalimu tulimwona mwizi. Vijana wanaowafuata wageni pale huitwa papasi, jina la mdudu anyonyaye damu. Nasi tulilitumia jina hilo mbele ya watoto wetu bila kusita. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, tulijitetea. Lakini wengine tuliowafukuza walikuwa waongoza wageni wenye vitambulisho vyao shingoni, wanaoishi kwa kazi hiyo. Hatukuvisoma.

Kisha tulipokwenda kununua viungo na vikoi, tuliutumia ukame wa wageni kama fimbo. "Leo hamna mteja mwingine, tupunguzie." Mzee mmoja alishusha bei mpaka akanyamaza, akatufungia vitu bila kututazama. Usiku ule hotelini tulihesabu kwa furaha kiasi tulichookoa. Mithali 20:14 inamzungumzia mtu wa namna hiyo, anayeiponda bidhaa mbele ya muuzaji kisha akaenda zake akijisifu. Kupatana bei si dhambi, ni desturi yetu na ina utamu wake. Lakini kupatana ni kwa watu wawili. Mmoja akiwa na njaa, na mwingine akiijua njaa hiyo na kuikandamiza, tunaweza kuiita biashara, ila tusishangae ikifanana na yale tuliyofanyiwa bandarini. Tulitapeliwa na mtu aliyeijua tamaa yetu. Sisi tukamkamua mtu ambaye tulijua shida yake.

Bwana wetu, alipowatuma wanafunzi wake kati ya mbwa mwitu, katika Mathayo 10:16, aliwataka wawe na busara ya nyoka na upole wa hua, vyote viwili. Sisi huwa tunagawanya: safarini tunachukua nyoka, kanisani tunachukua hua. Safari yetu ilitufundisha kwamba havigawanyiki. Tusingetaka nauli isiyo yetu, yule kijana asingekuwa na cha kutuuzia, na wala tusingefika kisiwani na mioyo iliyokunjamana. Asiyetafuta njia ya mkato hubaki na milango michache ya kulinda, na mikono yake huwa mitupu ya kutosha kumsalimu mgeni, au mwenyeji, bila woga. Bado anaweza kuibiwa. Akiibiwa, ataweza kusimama mbele ya polisi na kusema yote.

Watoto wetu walituona siku ile. Tuliwaambia wanyamaze ili tupite kwa uongo, na hilo hawatalisahau upesi. Tuliporudi Dubai tuliketi nao tukawaomba radhi. Hatujui kama tulisema vizuri, lakini tulisema.

Juma hili, mkiwa mezani na familia zenu, ulizaneni: ni lini tuliwahi kudanganywa, na tapeli aliingia kwa mlango gani? Kama ni mlango wa imani, mfarijini aliyeumizwa, msimcheke. Kama ni ule mwingine, ufungeni pamoja. Nanyi mnaosafiri, Mungu awatangulie, awavushe salama, na mkifika kwenye duka la yule mzee wa viungo, mwachieni bei yake.

Mbarikiwe.