Kumuuliza Mungu si Kumkufuru

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twataka kuleta mbele ya wasomaji wetu suali lililotufikia darasani kutoka Garsen. Mwenye kuuliza ni mama mtu mzima. Mwaka 2012 alifiwa katika mapigano ya Tana. Mwaka 2024 mafuriko yakamchukulia nyumba na shamba aliloanza kulilima upya. Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, aliinua mikono aombe dua, akajikuta anauliza: Mola wangu, kwa nini? Nimekukosea nini mimi? Asubuhi akamwendea mtu anayetazamiwa kuwa na ilimu, akamweleza. Akaambiwa amekufuru, na aitamke shahada upya. Tangu siku hiyo, yasema barua, anasali lakini haombi. Anaogopa kufungua kinywa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotutia uchungu.

Suali la mama huyu si la mchezo. Tarehe 22 Agosti 2012, siku chache tu baada ya Idi ya kufungua Ramadhani ya mwaka 1433, kijiji cha Riketa kilivamiwa, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Wako waliokatwa kwa mapanga, na wako waliochomwa ndani ya nyumba zao. Mwezi wa Septemba ikafuata Kilelengwani. Mwezi wa Disemba, Kipao. Wapokomo na Waorma, wakulima na wafugaji, wote wakiyahitaji maji ya mto mmoja. Na wengi katika pande zote mbili huelekea kibla kimoja. Mtu aliyeyaona hayo asiulize lolote, sisi twakihofia zaidi kimya chake.

Na tufungue Kurani tutazame. Malaika walipoambiwa kuwa atawekwa khalifa katika ardhi, waliuliza itakuwaje awekwe humo mwenye kufisidi na kumwaga damu. Hilo hasa ndilo suali la Riketa! Wala hawakufukuzwa, walijibiwa kwamba Mola wao ayajua wasiyoyajua wao. Nabii Ibrahim aliomba aonyeshwe jinsi wafu wafufuliwavyo, si kwa kuwa hakuamini, bali apate kutulia moyo. Bibi Maryam, uchungu ulipomshika penye mtende, alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile. Nabii Yakub alihuzunika hata macho yake yakawa meupe, na wanawe walipomlaumu aliwajibu kuwa mashtaka yake ampelekea Mungu. Na Khaula binti Thaalaba alijadiliana na Mtume s.a.w. juu ya mumewe aliyemharimisha kama mamake, akamshtakia Mungu shida yake. Hakukemewa. Zikashuka aya kwa ajili yake, na sura ikaitwa Al-Mujadila.

Masahaba nao walimwendea Mtume wakamweleza kuwa hupitiwa nafsini mwao na mambo ambayo hata kuyatamka huyaona makubwa mno. Hakuwaambia waingie Uislamu upya. Aliwaambia kuwa hiyo ndiyo imani iliyo wazi.

Atasema mtu: mbona Iblisi naye alihoji? Ni kweli. Lakini Iblisi alipohoji alikuwa amekwisha kujitukuza, wala hakutaka jawabu; malaika waliuliza nao wamo katika utiifu. Tofauti haimo katika ukali wa suali, imo katika upande ambao mtu ameuelekeza uso wake. Mama yule alikuwa juu ya msala, mikono iko juu. Alikuwa ameelekea kwa nani? Na twawajua watu ambao, walipofungiwa mlango huo, walikwenda kuuliza kwa mganga nani aliyewaroga. Naye aliyewafungia mlango hana hata khabari.

Hata hivyo si kila suali la msiba ni la kupelekwa kwa Mungu peke yake. Mto Tana umejengewa mabwawa huko juu, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mvua ikizidi bara maji huwashukia watu wa Garsen. Nani awaonye mapema? Nani aliyeacha ugomvi wa ardhi na malisho ukae miaka bila ya kuamuliwa? Nani aliyewatia vijana maneno ya chuki, kisha mapanga mikononi? Hayo ni masuali ya serikali, na ya wazee, na yetu sisi tuliokuwa mimbarini. Ni utovu wa adabu kufanya uovu kwa mikono yetu kisha tukauita kadari. Na tumeona kuwa wenye kuharakisha neno hilo mara nyingi si wao waliofiwa.

Basi mama tumemwandikia kuwa hakutoka katika dini, na shahada yake ya kwanza ingalipo. Aiinue mikono kama alivyoiinua usiku ule, na suali alilolikatiza alimalize. Hatukumwahidi kuwa ataambiwa ni kwa nini. Hata malaika hawakuambiwa zaidi ya kuwa Mola ajua. Barua hiyo ameichukua ndugu yetu mmoja anayerudi Garsen, nasi tumemwomba asimkabidhi tu akaondoka, bali akae naye amsomee, kwani twaambiwa macho ya mama si mazima tena.