Usiku Mmoja Mlimani

Sisi wa Kinoru tunaishi kwenye mteremko wa Mlima Kenya, lakini watoto wetu wengi wanaujua kwa picha ya kitabuni. Likizo hii, panga nao usiku mmoja tu. Piteni Timau hadi lango la Sirimon, mita 2,650, kisha mpande polepole kilomita 9 hivi hadi kwenye mabweni ya Old Moses, mita 3,300. Kilele cha Lenana kiacheni, kitawangoja wakue.

Mdogo kuliko wote ndiye atangulie, wengine wafuate mwendo wake. Bebeni soksi kavu za kulalia, kofia za sufu, makoti ya mvua, tochi na viazi vya kuchemsha. Usiku huko ni baridi kali, hata Januari. Ila ninachokihofia zaidi ni hewa nyembamba. Mtoto mdogo hajui kueleza kwamba kichwa kinamgonga. Atanuna tu na kukataa chakula. Ukimwona hivyo, na kupumzika hakumsaidii, shukeni, hata kama vitanda mmeshavilipia. Akiwa mzima, mfunike blanketi, mtoke nje pamoja mkazitazame nyota.